Breki ya Kushoto

Kabla sijaeleza jinsi nilivyojikuta nimesimama nyuma ya mti katika msitu wa Kakamega, suruali mkononi, nikimjibu mzazi maswali kuhusu maendeleo ya mwanawe katika somo la Kiswahili, ni haki nianze na baiskeli, kwa kuwa ndiyo iliyonipeleka huko na ndiyo iliyorudi nyumbani bila mkwaruzo.

Mimi ni mtu wa baiskeli tangu utotoni. Nilijifunzia kwenye Black Mamba ya baba, ile baiskeli nzito nyeusi isiyo na gia, yenye breki za vyuma na karia iliyobeba gunia la mahindi la kilo 90 kila tulipokwenda kusaga. Kwa kuwa miguu yangu haikufika kwenye pedali nikiwa kitini, niliipitisha chini ya chuma cha juu na kuendesha nikiwa nimejikunja kama ndoana, na hata hivyo sikuanguka mara nyingi kuliko watoto wengine. Baadaye nilinunua katika soko la Kibuye, Kisumu, baiskeli ya milimani ya mtumba yenye magurudumu ya inchi 26 na gia 18, na kila Jumamosi mimi na wenzangu tulikuwa tukiingia nayo msituni kupitia Isecheno. Hayo yaliendelea hadi 2006, mwaka nilioajiriwa kufundisha. Kisha ikaja ndoa, yakaja madaftari ya kusahihisha, kikaja kitambi, na baiskeli nikamuuzia fundi kwa bei ambayo mke wangu hajaijua mpaka leo.

Aprili moja, shule zikiwa zimefungwa, mpwa wangu alirudi kutoka Marekani alikokuwa akisoma, na katika mizigo yake mlikuwa na katoni kubwa iliyotufanya sote tudhani ametuletea televisheni. Ilikuwa baiskeli ya milimani. Magurudumu yake yalikuwa ya inchi 29, uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ulibonyea na kurudi kama godoro jipya, gia zote 12 zilikuwa nyuma, na breki zake zilikuwa za diski zinazotumia mafuta kama za gari. Niliizunguka mara tatu nikiwa nimefunga mikono nyuma, jinsi wazee wanavyomkagua ng'ombe wa mahari.

“Mjomba,” akasema, “Jumamosi twende msituni. Wewe utaendesha hii, mimi nitaazima ya jirani.”

Kijana aliyelelewa vizuri humpa mkubwa kitu kilicho bora, kwa hiyo sikuona sababu ya kumbishia.

Asubuhi ya siku hiyo tulikutana Khayega, mahali panapojulikana kwa mapigano ya mafahali, nami nikanunua mukombero, mzizi ambao watu wa kwetu huutafuna wakitaka kurudishiwa nguvu. Nilinunua vipande vinne. Nikiwa natafuna, niliyabonyeza matairi kwa kidole gumba nikayaona malegevu, nikamwita kijana mwenye pampu ayajaze upepo hadi yawe kama jiwe, jinsi tulivyoyajaza ya Black Mamba. Mpwa wangu alijaribu kunieleza kwamba matairi hayo hayana tyubu, kwamba ndani yake mna majimaji ya kuziba pancha, na kwamba msituni huachwa yakiwa laini makusudi ili yashike mizizi na mawe badala ya kudundadunda juu yake. Nilimwambia kwamba mtu hapeleki tairi laini safarini. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza tena: “Halafu Mjomba, kuhusu breki za hii baiskeli—”

“Mimi,” nikamkatiza, “nilianza kuendesha baiskeli kabla mama yako hajaolewa.”

Msomaji aishike sentensi hiyo, kwa maana nimeilipia.

Kutoka Shinyalu hadi Isecheno barabara haikuwa na shida, isipokuwa watoto waliokuwa wakinikimbilia wakishangilia, na mmoja aliyeuliza kwa sauti kama huyo mzee ameiba. Tulilipa kiingilio, tukaingia msituni, na kwa nusu saa nzima nilikuwa na furaha ambayo sina haja ya kuificha. Njia ilikuwa na majani yaliyolowa, hondohondo walikuwa wakipiga kelele huko juu, na ile harufu ya udongo na mapera yaliyoiva ilikuwa ileile niliyoiacha. Msitu huu ndio kipande kilichosalia nchini Kenya cha misitu ya mvua inayofanana na ile ya Kongo, na mwezi wa Aprili mvua yake haingoji kualikwa. Usiku uliotangulia ilikuwa imenyesha, na tope lilikuwa limeanza kuyavaa magurudumu. Mwili ulikumbuka kila kitu. Nilikata kona, niliruka kijito, na nilianza kumsubiri mpwa wangu kwenye njia panda huku nikitazama saa.

Aibu ya kwanza ilinipata tulipoanza kupanda kilima cha Lirhanda. Upande wa kushoto wa usukani kulikuwa na kidude kidogo ambacho nilikidhania kuwa kengele, na kwa kuwa mbele yetu walikuwa wakitembea vijana wawili, nilikibonyeza ili wanipishe. Badala ya mlio, kiti kilizama. Kilishuka chini yangu chote kwa mpigo mmoja, magoti yakapanda karibu na masikio, nami nikaendelea kunyonga pedali kwa mkao ule niliouacha kwenye Black Mamba ya baba. Vijana walipisha bila kuhitaji kengele. Nilisimama juu ya pedali na kukibonyeza tena kile kidude ili nione kimeharibika nini, na kiti, kikiwa sasa hakina uzito juu yake, kiliruka na kunipiga mahali ambapo Kiswahili sanifu hakinipi neno la kuandika hapa. Mpwa wangu alieleza kwamba hicho ndicho chombo cha kushushia kiti wakati wa mteremko, ili mtu ausogeze mwili wake nyuma. Nilimjibu kwamba mimi na kile kidude hatutasemezana tena.

Karibu na kilele kuna pango lililochimbwa na watafutaji dhahabu wa zamani, na siku hizi wenyeji wake ni popo. Nilisimamisha msafara hapo na kutoa mhadhara mrefu kuhusu historia ya dhahabu ya Kakamega, hatua kwa hatua, nikipumzika kwa muda wa kutosha baada ya kila hatua. Moyo ulikuwa ukipiga isukuti, ngoma ya kwetu, ile ya msiba. Nilipoishiwa na historia niliendelea na popo, na nilipoishiwa na popo tulipanda mahali palipobaki, tukautazama msitu wote ulivyotandazwa chini, kisha tukageuka kuteremka.

Hapa lazima nieleze jambo la ufundi. Baiskeli zetu, tangu Black Mamba, zinafuata desturi ya Waingereza: mkono wa kulia hushika breki ya mbele, wa kushoto ya nyuma. Marekani ni kinyume chake. Sasa, breki ya mbele ndiyo yenye nguvu hasa ya kusimamisha, kwa sababu uzito wa mwendeshaji huhamia mbele anapopunguza mwendo, na kwa sababu hiyohiyo kwenye mteremko hukamatwa kwa adabu, kwa kidole kimoja, mwili ukiwa umerudishwa nyuma. Mambo hayo nilikuwa nikiwafundisha wengine katika miaka ya 1990. Hata siku hiyo niliyazingatia yote: nilipania kuutumia mkono wa kushoto peke yake, kwa usalama.

Mpwa wangu alitangulia, akapiga kelele, “Mjomba, shusha kiti!” Sikukishusha. Matairi yangu ya jiwe yalifika kwenye mizizi, yakadunda mzizi wa kwanza, yakadunda wa pili, na baada ya wa tatu sikuwa naendesha baiskeli, nilikuwa mzigo ulio juu ya baiskeli. Nilikamata breki ya kushoto kwa vidole vyote vinne na kwa imani yangu yote. Gurudumu la mbele lilisimama palepale. Nimewahi kuwaona mashabiki wa Khayega wakirushwa na fahali, na siku zote nimejiuliza huwaza nini wakiwa hewani. Nawaza sasa kwamba huwaza mambo mengi, kwa maana mimi nilipata nafasi ya kuona njia, majani, mbega wawili juu ya tawi walionifuata kwa macho kama waamuzi, na hatimaye baiskeli ikiwa chini yangu lakini si mahali pake pa kawaida.

Nilitua kwenye kichaka kando ya njia, juu ya majani laini. Nilijipapasa: mikono ipo, miguu ipo, helmeti ipo. Nililala hapo kidogo nikimshukuru Mungu, na ndiyo ilikuwa kosa langu la mwisho la siku hiyo, kwa sababu majani yale yalikuwa ni njia ya siafu.

Wako wanaosema kwamba siafu hupanda mwilini kimyakimya, wakajipanga, kisha wakauma wote kwa amri moja. Sina ushahidi wa amri hiyo, lakini niliusikia utekelezaji wake. Taya za askari wao hazifunguki. Ukimvuta, kiwiliwili hukatika na kichwa kikabaki kinauma. Mwalimu wa miaka 18 kazini hana namna ya kulijadili jambo hilo kwa utulivu. Niliivua suruali kwa kasi ambayo mukombero haukuwahi kunipa wakati wa kupanda, nikajificha nyuma ya mti, nikaanza kazi ya kuwachambua mmoja mmoja nikiwa na kaptura ya ndani na helmeti.

“Mulembe, mwalimu.”

Kwenye njia alikuwa amesimama mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, ambao hakuutua na hakuushika.

“Mulembe, mama,” nikasema.

“Ni siafu?”

“Ni siafu.”

“Igeuze hiyo suruali ndani nje, uipige kwenye mti.” Akatulia akinitazama nikiipiga. “Nashukuru kukupata, mwalimu. Mkutano wa wazazi wa muhula uliopita sikufika, nilikuwa na mgonjwa. Huyu wangu wa kidato cha pili anaendeleaje na Kiswahili?”

Nilimwambia kwamba sarufi yake ni nzuri. Nikamng'oa siafu mmoja pajani. Nilimwambia kwamba fasihi anaijitahidia, ila insha zake zinakosa matukio ya kusisimua na awe akiyatazama maisha yanayomzunguka. Mama alisikiliza kwa makini, akanishukuru, akanitakia jioni njema ingawa ilikuwa saa sita mchana, na akaendelea na safari yake kwa mwendo uleule. Sikumsikia akicheka mpaka alipofika kwenye kona.

Mpwa wangu alirudi akihema, akapita mbele yangu, akaiinua baiskeli, akakagua uma, diski na gia zote 12. Kisha akasema, “Pole, Mjomba.” Kuhusu breki hakusema neno, na kwa hilo nitamheshimu daima. Tulirudi Khayega taratibu, yeye juu ya baiskeli yake ya Marekani na mimi juu ya ile ya jirani, ambayo breki zake zilikuwa zinajua ziko nchi gani.

Muhula wa pili ulipofunguliwa niliwapa kidato cha pili insha ya methali, wasimulie kisa kinachothibitisha kwamba mpanda ngazi hushuka. Kijana wa yule mama aliandika kurasa tatu. Ngazi yake ilikuwa na magurudumu mawili, mhusika wake mkuu alikuwa “msomi mmoja maarufu”, na matukio yalisisimua kuanzia sentensi ya kwanza. Nilimpa alama 17 kati ya 20. Alama 2 nilizitoa kwa ajili ya tahajia, na 1 kwa ajili ya ukweli, kwa sababu aliandika kwamba kaptura ya msomi huyo ilikuwa na matundu matatu, ilhali lilikuwa moja tu, na hilo mama yake hakuweza kuliona, kwa kuwa muda wote ule nilikuwa nimeuegemeza mgongo mtini.