Saa ya marehemu: ikayeyushwe au ikae?

Jirani yangu hapa Tabora na nduguze wanne wameachiwa na marehemu baba yao saa ya dhahabu ya mfukoni. Watatu wanataka iende kwa sonara iyeyushwe, wagawane. Wawili wanasema ikae.

Nilipewa niishike. Mishale imegoma siku nyingi kwenye saa moja na dakika 49, lakini kengele ina springi yake. Ukisukuma kitufe cha ubavuni, vinyundo vinagonga: milio mizito saba ya saa, milio pacha mitatu ya robo, kisha minne myembamba ya dakika zilizozidi. Mama mwenye nyumba alihesabu hiyo saba akaguna: "Saa moja hii? Kumbe inasoma Kizungu!"

Hoja ya wale watatu si ya tamaa tu. Mirathi ina mafungu, na saa haikatwi vipande vitano. Mafundi saa wetu wa sokoni siku hizi ni betri na mikanda. Ndani ya saa kama hii mna mamia ya vipande. Jino la gurudumu likikatika, hupati jingine dukani, linachongwa upya, na gharama yake yaweza kuimeza thamani ya saa yenyewe.

Ila hesabu yao ina tundu. Sonara ananunua ganda tu. Mashine ni shaba na chuma, na mfuniko wa ndani mara nyingi si dhahabu. Muhuri wa 750 ni karati 18 kati ya 24, yaani robo nzima ni madini mengine. Zipo pia saa za Kimarekani zilizovikwa dhahabu juu juu, zikagongwa maandishi ya miaka 20: huo ni muda ambao lile vazi lilidhaminiwa lisichakae.

Wale wawili nao wameshikilia mfano wa saa ya Patek Philippe, kampuni ya saa ya Uswisi, aliyoagiza tajiri Henry Graves, yenye kazi 24 za ziada, iliyouzwa Geneva mwaka 2014 kwa dola milioni 24 hivi. Mfano huo unawapoteza. Ile ni moja duniani. Hii yao haina hata jina usoni. Mfano wa karibu wanao hapahapa: mwaka 1916 Wajerumani, vita vikiwa vimewabana, walipiga Tabora sarafu ya rupia 15 yenye tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ina gramu 7 na kidogo, tena robo yake si dhahabu, lakini wakusanyaji huilipia mara nyingi zaidi ya uzito wake.

Mimi nimewaambia waifungue kwanza, wapige picha mashine, namba na mihuri, wamtumie mtu anayezijua. Ikionekana ganda ni zito na mashine haijulikani aliyeiunda wala haina dawa, sitamlaumu atakayeipeleka kwa sonara.

Kaka mkubwa amekubali kusubiri hadi mwisho wa mwezi. Mdogo wao ameshaulizia bei ya gramu.