Mkaratusi, mto na hesabu ya maji ya Nairobi

Mgao wa maji ukizidi Nairobi, mkaratusi hubebeshwa lawama. Mwaka 2009 John Michuki, wakati huo Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo na kingo za mito, na hadi leo watu wanavutana. Wapo wanaosema mti huo unakausha mito. Wengine wanasema mti ni mti, na nchi inayotaka kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032 haina nafasi ya kuchagua. Nadhani kila upande una nusu ya hesabu.

Mvua ikishanyesha hugawanyika. Kuna inayotiririka mtoni, kuna inayozama ardhini, na kuna inayorudi hewani kupitia udongo na majani. Duniani, takriban asilimia 60 ya mvua ya nchi kavu hurudi kwa njia hiyo ya mwisho. Nairobi hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka, ilhali jua na upepo wa hapa vinaweza kuvukiza zaidi ya 1,500. Kwa hiyo kinachoweka mpaka ni maji yenyewe. Udongo wa juu ukikauka, nyasi za mizizi mifupi hunyauka na uvukizi hupungua. Mkaratusi huendelea, kwa kuwa mizizi yake hufuata unyevu chini, na ukiwa kando ya mto haukosi maji hata Februari. Ikivukiza milimita 4 kwa siku, eka moja ya mikaratusi hurudisha hewani kama lita 16,000.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Mokobulaan, Afrika Kusini. Bonde dogo la nyasi lilipandwa mikaratusi mwaka 1969, na katika mwaka wa tisa kijito chake kikakauka kabisa. Hata baada ya miti kukatwa, maji yalichukua takriban miaka mitano kurudi, maana udongo wa chini ulikuwa umekamuliwa na ulipaswa kujaa kwanza. Anayeutetea mkaratusi hana budi kulijibu hilo.

Lakini tuna ushahidi wa kwetu pia. Huko Kimakia, kwenye milima ya Nyandarua, watafiti wa kituo cha utafiti cha Muguga walianza katika miaka ya 1950 kupima mito baada ya mianzi kukatwa na misonobari kupandwa. Misonobari ilipokomaa, maji iliyotumia yalikaribiana na ya mianzi. Basi jambo la kuuliza kwanza ni mti umechukua nafasi ya nini. Msitu wa asili nao hunywa sana. Faida yake ni udongo uliofunguka, unaopokea mvua ya masika na kuiachilia polepole kiangazi. Ukiukata na ardhi ikashindiliwa na mifugo, uvukizi utapungua na mto wa kiangazi bado utapungua.

Naipa uzito pia hoja ya kuni. Viwanda vya chai na nguzo za umeme vinategemea mkaratusi, na shoka lisiloupata litaelekea msitu wa asili. Kwenye mteremko ulio mbali na maji, ningeuacha. Kwenye chemchemi, na kuzunguka kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu ambako Mto Nairobi unaanzia, ningeung'oa, mradi ardhi isiachwe tupu.

Jijini hesabu inageuka. Penye lami na mabati, mvua haizami wala haivukizwi na majani; inakimbia tu, kama mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru ilivyoona kwa uchungu katika mafuriko ya Aprili 2024. Kila lita inayovukizwa huchukua takriban megajuli 2.4 za joto. Kiu ya mti, ambayo ni hasara Ondiri, inakuwa nafuu Mukuru, kwa kupunguza maji yanayokimbia na kupoza hewa ya nyumba za mabati.

Linalonisumbua zaidi ni haki. Mkulima wa Kikuyu aliyepanda mikaratusi alitarajia karo ya watoto, na kumwamuru aing'oe kwa faida ya wanaoishi chini mtoni bila kumlipa ni kumdhulumu. Mfuko wa Maji wa Upper Tana-Nairobi, ulioanzishwa 2015, huwasaidia wakulima wa juu kuhifadhi udongo ili walio chini wapate maji. Kingo za Mto Nairobi zinahitaji mpango wa aina hiyo, na fidia itolewe kabla ya mti wa kwanza kuangushwa.