Bei ya Mwisho Kabisa

Tulipokuwa kwenye matatu kutoka Kayole kuelekea mjini, nilimsihi mpwa wangu mambo mawili tu: asitabasamu, na asiguse kitu. Nilimweleza kwamba mnunuzi wa pikipiki hana budi kuonekana kama mtu aliyeingia dukani kukwepa mvua, kwa kuwa muuzaji wa Nairobi haisomi bei kwenye karatasi bali huisoma usoni mwako. Aliitikia, "Sawa, mjomba," kwa heshima zote. Dakika tano baada ya kuingia dukani, hapo Barabara ya Kirinyaga ambayo sisi wa zamani bado tunaiita Grogan, nilimkuta ameketi juu ya pikipiki nyekundu ya cc 150, ameshika usukani kwa mikono miwili, meno yote thelathini na mawili yakiwa nje. Bei, ambayo ilikuwa haijatajwa bado, niliisikia ikipanda.

"Karibu, mzee," muuzaji akasema, akaniletea kiti cha plastiki na soda baridi ambayo sikuiagiza. Soda hiyo ndiyo iliyonimaliza. Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mwenzake kwamba bei yake ni ya unyang'anyi huku anakunywa soda yake, na nina hakika wauzaji wanalijua jambo hilo kuliko wanavyoijua injini.

"Ni shilingi 195,000 tu, na hapo nimekuhesabu kama mzazi wangu."

Nikamwuliza wasio wazazi wake hulipa ngapi. Akacheka bila kujibu. Mimi nikataja 165,000, wala sikuiokota njiani. Kwa majuma mawili nilikuwa nimewahoji vijana wa bodaboda katika steji yetu kuhusu bei walizonunulia, nikagundua kwamba hakuna binadamu anayesema kweli juu ya jambo hilo: aliyepunjwa huipunguza bei kwa aibu, na aliyepata nafuu huipunguza zaidi kwa majigambo. Tangu serikali iondoe kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizozidi cc 250 mwaka 2008, jiji limejaa pikipiki hadi kwenye njia za waendao kwa miguu, na kwa ujinga wangu nilidhani kwamba kitu kikijaa bei hushuka, kama sukuma wiki wakati wa mvua.

"Ushuru, mzee. Ushuru umetuua."

Hapo nilifurahi, kwa sababu muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amejisifu kwamba pikipiki zake zimeunganishwa humu humu Kenya, nami nilikuwa nimesoma kwamba ushuru wa bidhaa unaotozwa pikipiki zinazoagizwa kutoka nje hauzigusi zile zilizounganishwa nchini. Nikamwambia hivyo kwa sauti ya wakili. Hakutahayari hata kidogo. Alinijibu kwamba pikipiki imeunganishwa hapa, ndiyo, lakini vipande vyake vilisafiri baharini na vikachoka, kisha akaniambia kwamba rahisi huvunja upishi, kana kwamba nilikuwa nimefuata sufuria.

Alipoona sitikisiki, akanishauri nichukue kwa mkopo: nitangulize 30,000, kisha mpwa wangu alipe shilingi 450 kila siku kwa muda wa siku 540. "Hata hutasikia uchungu," akasema. Nikatoa simu nikapiga hesabu, ikatoka 273,000. Wale watu wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, walioanza kuvusha abiria kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, wakatuachia hili jina la bodaboda, nadhani waliinunua baiskeli moja na kulipia baiskeli moja. Mimi nilikuwa natakiwa kulipia pikipiki moja na karibu nusu ya nyingine ambayo sitaiona kamwe.

Nikaamua kutumia silaha ya mwisho, yaani kuondoka. Nilisimama, nikamshukuru kwa soda, nikaelekea mlangoni kwa hatua za mtu anayetarajia kuitwa. Sikuitwa. Mpwa wangu hata hakushuka kwenye pikipiki. Nilipofika kizingitini nilirudi mwenyewe, nikadai kwamba nimesahau kofia yangu, na muuzaji, kwa upole mkubwa, akanionyesha kwamba iko kichwani.

Tulikubaliana 183,000. Nilijiona shujaa kwa muda wa takriban dakika nne, kisha akaleta kitabu cha risiti. Usajili na namba, 5,500. Bima, 4,500. Vile vyuma vya kukinga miguu, ambavyo nilikuwa nimeviona vimefungwa kwenye pikipiki tangu nilipoingia, 2,500. Kuvifunga, 1,000. Jumla ilikuwa 196,500. Nilipomwuliza inawezekanaje niwe nimepunguziwa bei hadi ikapita ile ya kwanza, alinieleza kwa subira kwamba ile 195,000 ilikuwa pamoja na vyote hivyo, ila mimi ndiye niliyetaka bei ya pikipiki peke yake.

Halafu akatupa zawadi: helmeti mbili na makoti mawili ya kung'aa, ya mwendeshaji na ya abiria, kama sheria inavyotaka. Helmeti moja inamtosha mpwa wangu. Ya pili inamtosha abiria wa darasa la tatu. Mafuta hayakuwemo kwenye zawadi, kwa hiyo tuliisukuma pikipiki mpya kabisa hadi kituo cha petroli, mbele ya vijana wa bodaboda waliotuuliza kama imeharibika tayari.

Jioni mama watoto aliniuliza tumenunua kwa ngapi. Sijui ni shetani gani aliyenishika ulimi. Nilisema 165,000, kisha nikaongeza kwamba muuzaji alikaribia kulia. Mama watoto alinitazama kwa heshima ambayo sijaiona tangu mahari, akaingia chumbani kupiga simu. Aliporudi alinijulisha kwamba kaka yake naye amekuwa akitafuta pikipiki, kwamba ameshamtumia shilingi 165,000 kamili kutoka kwenye akiba yao ya chama, na kwamba Jumamosi saa tatu asubuhi shemeji atanipitia ili nimpeleke kwa muuzaji yule yule.