Lilanga hakuwa mtu wa nje

Mwaka 1972 mwandishi wa mambo ya sanaa Roger Cardinal wa Uingereza aliwapa jina la "wasanii wa nje" watu wanaochora na kuchonga bila kupitia chuo chochote cha sanaa. Mwaka huohuo, jijini Dar es Salaam, Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alianzisha Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii, na miongoni mwa watu waliopata kazi hapo alikuwemo mlinzi mmoja, Mmakonde kutoka Masasi, George Lilanga. Mlinzi huyo alikuwa mchongaji. Vinyago vyake vilipoonekana akakaribishwa afanye kazi na wasanii wenzake, akaanza kuchora kwa wino juu ya ngozi ya mbuzi, na kufikia mwaka 1978 kazi zake zilikuwa zikionyeshwa Washington.

Wanaotetea maonyesho ya wasanii wa namna hii katika vituo vya kijamii wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Mchoraji Mtanzania Sam Ntiro alifika Chuo Kikuu cha Makerere, kisha shule ya sanaa ya Slade ya London. Lilanga hakuwa na njia hiyo, na laiti ukuta wa maonyesho ungetolewa kwa wenye shahada peke yao, tusingemjua. Kituo kilimpa vifaa, mahali pa kukaa na kufanya kazi, na watazamaji. Wanaongeza kwamba jina la "msanii wa nje", au "msanii wa maono", pamoja na simulizi ya mlinzi aliyegeuka mchoraji, humvuta mtu ambaye vinginevyo angepita barabarani bila kuingia.

Tatizo langu liko kwenye jina hilo. Jean Dubuffet wa Ufaransa, aliyeanza mwaka 1945 kukusanya alichokiita sanaa ghafi, alizitafuta kazi za wagonjwa wa akili, wafungwa na wapweke, akiamini kwamba walikuwa hawajaguswa na utamaduni wa wasomi. Sasa itazame picha ya Lilanga kwa karibu. Mashetani wamejaa toka pembe hadi pembe, masikio mapana, matumbo yamejitokeza, midomo imechomoza, miguu yenye vidole viwili, wengine wakicheza ngoma, wengine wakibishana, hata huoni mahali pa kutia kidole. Viumbe hao hakuwaota peke yake. Wachongaji wa Kimakonde walikuwa wakiwatoa kwenye mpingo tangu miaka ya 1950, na jina linalotajwa sana katika asili ya mtindo huo ni Samaki Likankoa. Lilanga aliupokea uchongaji kwa watu wake, na mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa mchongaji wa Nyumba ya Sanaa hiyohiyo. Mtu aliyefundwa hivyo yuko nje ya nini?

Jina hilo linawaumiza hata waliosoma, jambo linalosahaulika mara nyingi. Maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1989, Magiciens de la terre, yalilaumiwa kwa sababu upande wa Afrika yaliwapendelea wasiopitia vyuo na kuwaacha waliopitia, kana kwamba Mwafrika aliyesoma amepoteza uhalisi wake. Kwa kipimo hicho Lilanga anasifiwa kwa kukosa shule, na Ntiro, aliyechora maisha ya wanakijiji wa Kilimanjaro kwa upendo mkubwa, anaonekana amesoma kupita kiasi. Sioni nani anayeheshimiwa hapo.

Kwa hiyo ningependa maonyesho haya yaendelee, tena kwa wingi, lakini maelezo yanayobandikwa kando ya picha yaandikwe upya. Kazi ya ulinzi itajwe, kwa kuwa ni kweli, ila isitangulie. Kitangulie kile ambacho mchongaji wa Masasi angekiuliza kwanza: alifundishwa na nani, alianza na mti gani, kwa nini baada ya patasi akashika pia wino. Na jina la picha lisomeke kwa Kiswahili kabla ya tafsiri, maana Lilanga aliziita picha zake kwa sentensi nzima za Kiswahili, ndefu, kama mtu anayemsimulia jirani yaliyotokea mtaani.