Siku Bwana Mdogo Alipogeuka Bluu

Mtoto wa miezi 9 hana huruma na wasanii. Huyu wangu wa mwisho, ambaye nyumbani tunamwita Bwana Mdogo kwa sababu ndiye anayetoa amri, alishajipangia zamu: nikishika brashi anaamka, nikishika ufagio analala fofofo. Kufagia hakumkeri hata kidogo.

Mimi ni mchoraji. Natumia rangi ya mafuta, hii hii ya makopo inayopakwa kwenye mageti, juu ya hadibodi, kwa mtindo wa Tingatinga. Niliuokota Dar es Salaam kabla sijaolewa, kwa kukaa pembeni ya mafundi pale Morogoro Stores, Oysterbay, na kutumwa maji ya kunywa. Mzee Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, alipoanza miaka ya 60 mwishoni, hakuwa na duka la vifaa vya sanaa. Mimi hapa Kigoma ninalo: ni duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanga, na muuzaji wake kila nikienda ananiuliza nyumba imefikia wapi.

Ubaya wa rangi hii haina haraka. Tabaka moja linaweza kuomba siku nzima likauke, ndipo ulirudie. Kwa hiyo mimi kuchora ni kila siku, hata kama ni kipande cha mbingu tupu, maana ukiruka leo, kesho huna pa kuendelezea. Na siku ikishaanza haina mwanya. Kuna uji, kuna sare za shule, kuna maji, kuna maharage yanayongoja kuungua. Mwanya wangu uko kati ya adhana ya alfajiri na wakubwa kuamka, saa ambayo Bwana Mdogo ana macho makavu. Basi namfunga mgongoni kwa mbeleko, nasimama dirishani, nachora huku nayumba. Kuyumba kunamlaza. Kunanipindia mistari pia, lakini nachora ziwa, nani atalalamika?

Analalamika mama mkwe. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kasulu, na kwake rangi inapakwa ukutani, tena na fundi, tena baada ya nyumba kuezekwa.

"Mwanangu," aliniambia siku ya kwanza tu, "hicho kibao unakipaka rangi ili kiwe nini?"

"Picha, mama."

"Haya. Na uji?"

Wakati huo nilikuwa na oda. Mwenye gesti mmoja alitaka picha kubwa ya Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, ya kutundika mapokezi. Usiombe kupewa oda ya Liemba ukiwa Kigoma, kwa sababu kila mpita njia ni mtaalamu. Atakuhesabia: iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande mpaka hapa, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 isichukuliwe na adui, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Akimaliza hapo anakukosoa madirisha. Meli imelala chini ya maji miaka na miaka ikatoka na kutembea. Ya kwangu haijawahi kuzama, na bado haikuwa na bomba la moshi.

Asubuhi ya kliniki nikaamua bomba lazima lisimame. Bwana Mdogo mgongoni, kopo la bluu dirishani, kifuniko chake kando, kimejaa rangi kama kawaida ya vifuniko. Nikainama kushoto kumalizia maji ya upande wa Kibirizi. Nikageuka kutafuta kitambaa. Nikainama tena. Nyuma yangu nikasikia mtoto anacheka peke yake. Watu wazima husema mtoto akicheka peke yake anaongea na malaika, nami nikawaacha waongee. Baadaye kukawa kimya. Amelala.

Mwenye akili hamfungui mtoto aliyelala. Nikajitupia khanga juu yetu sote wawili, nikachukua kadi ya kliniki, tukapanda bajaji na mama mkwe. Njiani akaisimamisha anunue kidumu cha mawese, maana haamini kwamba tukirudi muuzaji atakuwa bado yupo.

Kliniki kulikuwa kumejaa. Mabenchi yote kinamama, watoto wanalia kwa kupokezana. Ilipofika zamu yetu nikafungua mbeleko na kumkabidhi mtoto kwa nesi, dada mmoja mchangamfu, ili amwandae kwa mzani. Bwana Mdogo kichwa kinaning'inia, mikono inaning'inia, usingizi mzito wa mtu aliyeamka kabla ya jogoo. Nesi akamfungua kiganja, kama wanavyofanya kuangalia kama mtoto ana damu ya kutosha. Uchangamfu ukamtoka.

"Mama, ana muda gani hivi?"

"Miezi 9," nikajibu.

"Nakuuliza ana muda gani HIVI?"

"Tisa na siku kadhaa."

Hakuniuliza la tatu. Alimkumbatia mtoto akatoka mbio, nami nyuma yake na kandambili moja, mama mkwe nyuma yangu na kidumu, na nyuma yetu nusu ya foleni, maana foleni ya kliniki haikubali kupitwa na habari. Mmoja akaanza kusali kwa sauti. Mwingine, hata hajui kuna nini, tayari alikuwa akinipa pole.

Ndipo nikaona, mtoto akiwa juu ya kitanda cha daktari. Vidole bluu. Kucha bluu. Juu ya mdomo, bluu. Na bluu ile naijua. Niliichanganya mwenyewe, bluu ya kopo na tone la nyeusi, kwa ajili ya kina kirefu cha Ziwa Tanganyika. Lakini miguu ilikuwa bado inatetemeka na sauti haikutoka. Na wao kwa upande wao wapo sahihi: kucha na midomo ikigeuka bluu, mtoto anakosa hewa, hakuna cha kungoja.

Daktari akachukua kile kipimo cha oksijeni kinachobana kidole kama kibanio cha nguo. Namba hazikutoka. Kidole kingine. Hazikutoka. Kipimo kile hupitisha mwanga kidoleni, na rangi ya geti ikikaa juu ya ukucha haipitishi kitu. Akahamia mguuni, kwenye dole gumba.

98.

Daktari akaitazama namba. Akamtazama mtoto. Akairudia namba. Hapo Bwana Mdogo akafumbua macho, akaona uso asioujua, akatoa yowe ambalo ukumbi mzima wa nje ulijua mapafu yapo. Akanyoosha mkono, akakamata koti jeupe la daktari. Alipoachia, koti lilikuwa na vidole vinne.

Daktari akalinusa koti lake.

"Mama, wewe unafanya kazi gani?"

"Nachora, daktari."

"Anapaka rangi," mama mkwe akasema kutoka mlangoni. "Nilisema mimi."

Daktari alimmulika mtoto kinywani kwa tochi, ulimi na fizi, kusafi. Bahati yake alilala kabla hajaonja. Akaniambia makopo yapande juu ya kabati, rangi hizi si za kulambwa, nami nikaitikia ndiyo daktari kila alipopumua. Nilipogeuka kutoka, kinamama mlangoni wakaangua kicheko. Kumbe khanga ilishadondoka kwenye mbio, na mgongo wa gauni langu umejaa viganja vidogo vya bluu, juu mpaka chini.

Sasa kumsafisha. Maji na sabuni hayakufua dafu. Nesi akataja mafuta ya taa, daktari akakataa kutoka chumba cha pili. Mama mkwe akatua kidumu chini, akakifungua.

"Rangi ya mafuta inatolewa na mafuta. Nipeni kitambaa."

Na ilitoka, siwezi kumnyima haki yake. Alimsugua polepole, kidole baada ya kidole, kwanza bluu, kisha udongo wa mfinyanzi, kwa sababu bluu ikikutana na rangi ya chungwa ndivyo inavyokuwa, hilo angeniuliza ningemwambia. Kisha, kwa kuwa mawese yalikuwa yameshafunguliwa na mjukuu ni wake, akampaka mwili mzima. Bwana Mdogo akang'aa. Wakamtumbukiza kwenye kile kikaptula cha mzani, akawa anateleza kama anataka kutokea mguuni, nesi akamdaka.

"Kilo 9," akaandika. "Humo kuna mawese."

Tukaenda chumba cha pili kwa chanjo ya surua na rubela. Nesi wa humo alikuwa mwingine, mtu mzima, miwani puani, hakuona chochote cha mwanzo. Akamshika mtoto mkono. Akamsogeza dirishani kwenye mwanga.

"Mama. Manjano haya yameanza lini?"

Sikuwahi kufungua mdomo. Benchi zima likajibu kwa pamoja kutoka nje:

"Mawese hayo!"

Akachomwa, akalia, tukarudi nyumbani. Kadi yake mpaka leo ina madoa mawili, moja la bluu, moja la chungwa, na kila tukienda wanatujua.

Nilipoingia ndani ndipo nikaliona la meli. Juu kabisa, kwenye mbingu niliyoisubiri ikauke vizuri, pale pale bomba la moshi lilipokuwa lisimame, kulikuwa na kiganja. Vidole vitano vimekunjuliwa, kisha vimeburutwa kuelekea Kongo. Rangi ilishashika. Kuifuta kwa thina ningeondoka na mbingu yote. Basi alfajiri iliyofuata, mtoto mgongoni, kopo juu ya kabati, nikachora bomba chini ya kile kiganja, nikakipitishia nyeupe na kijivu kikawa moshi. Moshi mwingi.

Mwenye gesti alikuja kuichukua jioni moja. Akaisimamisha ukutani, akarudi nyuma hatua kadhaa, mikono kiunoni.

"Liemba ni ya dizeli tangu miaka ya 70. Moshi wote huu wa nini?"

Nikasema ni ya zamani hiyo, ya enzi za kuni. Akasogea karibu. Akasogea zaidi.

"Halafu mbona moshi una vidole?"

Nilikuwa natafuta jibu la kitaalamu. Mama mkwe akatokea jikoni na bakuli la uji mkononi, akaitazama picha kwa muda, mara yake ya kwanza kuitazama.

"Hiyo imechorwa na mafundi wawili, baba," akasema. "Ongeza hela."