Kuvunja, kupaaza, kukanda

Skuli tulifundishwa kwamba ufa wa ardhi ni pahala mwamba ulipovunjika. Basi. Ukavunjika, ukasogea, ardhi ikatetemeka, tukajibu mtihani. Ni ufukara wa maneno, na kwa sisi Wapemba ni aibu zaidi: anayevuka kutoka Wete kwenda Tanga anapita juu ya maji ya kina cha mita 800 hivi, kwa sababu ardhi pale ilikatika kwa nyufa ikadidimia. Mkondo wa Unguja na bara haufiki hata mita 100.

Bibi yangu alikuwa na kijaa uani, mawe mawili ya duara, la juu lina tundu na mpini. Mzunguko wa kwanza mtama ulitoka chenga. Akiurudisha, unatoka unga. Mimi nikimimina kwa pupa alinikemea, "Kidogo kidogo, mjukuu wangu, jiwe linapanda!"

Ufa ni kijaa. Kilomita chache za juu, pande mbili zikisuguana, mwamba hutoka kwanza mapande yenye ncha, halafu chenga, halafu unga. Na unga huo ukikaa na maji miaka na miaka, madini yake hubadilika yakawa udongo laini unaoteleza. Japani, tarehe 11 Machi 2011, ufa ulio chini ya bahari ulisogea mita 50 hivi kwa mkupuo mmoja. Mwaka uliofuata wataalamu walichimba palepale wakakuta kumbe kilichoteleza ni tabaka la udongo lisilofika mita 5 kwa unene. Ukingo wa nchi umekaa juu ya utelezi!

Mara nyingine msuguano unakuwa mkali hadi jiwe linayeyuka kwa sekunde chache, kisha linaganda kuwa mishipa myeusi kama kioo.

Ila chini zaidi, kilomita kumi na zaidi, kijaa hakifai tena. Joto likipita nyuzi 300 hivi, kwatzi, madini magumu yaliyomo kwenye miamba mingi, haivunjiki. Inavutika ikiwa ngumu vilevile, bila kuyeyuka. Charles Lapworth, mtaalamu wa miamba wa Kiingereza, aliliona jiwe la namna hiyo Uskoti, akaliita mailonaiti mwaka 1885, kutokana na neno la Kigiriki la kinu cha kusagia. Alidhani limesagwa. Baadaye ikajulikana kwamba sehemu kubwa ya kazi ile si kusaga hata kidogo, lakini jina lilishakaa. Angemuuliza mpishi yeyote wa Chake Chake kwetu Pemba angeambiwa: hilo limekandwa, bwana.

Ndiyo maana nasema vitabu vyetu vinatudhulumu. Lugha yenye kuponda, kutwanga, kupaaza, kusaga na kukanda inalazimishwa kusema "kuvunjika" tu.

Juzi nilimchorea mpwa wangu haya yote kwenye daftari lake. Akaitazama ile mistari ya chini, tabaka juu ya tabaka, akauliza, "Mjomba, hili ndiyo chapati?"

Nikamwambia naam, ya kusukuma.