Jiwe Lisilojulikana Kwao: Lina Faida Gani kwa Roboti Iliyoko Mirihi?

Mtafutaji dhahabu wa Kakamega akiokota jiwe jeupe lenye chembe za dhahabu kando ya mto, hachimbi shimo papo hapo. Anajua jiwe hilo limeletwa. Hupanda na mto, akiokota mengine na kuyapapasa kingo: yaliyotoka mbali yameviringika, yaliyomeguka karibu bado yanakata. Mawe makali yanapokoma, hapo ndipo anapoanza kuutafuta mwamba wenyewe ubavuni mwa kilima.

Wanasayansi wanaoiongoza Perseverance, roboti ya magurudumu sita iliyotua Jezero, shimo pana kwenye sayari ya Mirihi, tarehe 18 Februari 2021, wana kazi ya namna hiyo hiyo. Roboti imezungukwa na mawe yaliyolala tu juu ya mchanga, yasiyoshikana na mwamba wowote. Je, itumie siku zake kuyachunguza, au iyapite ikatafute mwamba uliotulia mahali ulipoumbika?

Wanaotaka yapitwe wana hoja nzito. Katika mwamba wa matabaka, la chini kwa kawaida ni kongwe kuliko la juu, na ukichoronga unajua kipande chako kimetoka tabaka lipi na kilielekea upande gani. Jiwe lililobingirika limepoteza yote hayo. Huenda hata si la Mirihi: Januari 2005 roboti Opportunity ilikuta pande la chuma na nikeli, likabainika kuwa kimondo. Tena Perseverance ilikwenda na mirija 43 tu ya sampuli.

Upande wa pili unautaja mto. Jezero iliwahi kuwa ziwa, na maji yaliyoingia humo kupitia bonde la Neretva yalitoka nchi ambayo magurudumu ya roboti hayatafika. Mwaka 2024, kwenye bonde hilo, roboti ilikuta jiwe la rangi nyepesi lililopewa jina Atoko Point, katikati ya mawe meusi, la aina ambayo haikuwa imeonekana Jezero. Pengine maji ndiyo yaliyolileta. Na kulitazama si gharama kubwa, kwa sababu leza ya roboti hupima kemia ya jiwe lililo hata mita 7 mbele yake.

Kisha kuna salfa. Tarehe 30 Mei 2024 Curiosity, roboti nyingine iliyoko Mirihi tangu 2012, ilikanyaga jiwe ndani ya bonde moja, likapasuka. Ndani mlikuwa na fuwele za manjano za salfa tupu, kitu ambacho hakikuwa kimeonekana kwenye sayari hiyo. Hakuna aliyelichagua jiwe lile, na hilo peke yake linanizuia kuyadharau mawe ya juu juu.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo watetezi wa mawe hayo hulipita haraka. Huku kwetu Nakuru, kipande cha obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano ambacho watu wa kale walichongea shoka kule Kariandusi, kinaweza kuokotwa mbali sana na bado wataalamu wakatambua kilitoka kilima gani kwa kupima kemia yake. Wanaweza kwa kuwa kuna watu waliopanda Eburru na vilima vya Naivasha, wakaipima miamba mama mmoja baada ya mwingine. Bila kazi ile ya miguu, kemia ingetueleza kioo kimeumbwa na nini, basi. Mirihi tumegusa sehemu chache mno. Mwaka 2004 Opportunity ilipima jiwe liitwalo Bounce Rock, kemia yake ikafanana na ya kimondo kilichotoka Mirihi kikaokotwa Antaktika. Ndugu wawili wakatambuana, na kwao hakuna ajuaye.

Kwa hiyo ningeipa leza ruhusa ya kupima kila jiwe geni njiani, na likizidi kushangaza, roboti ipande kulikotoka kama anavyofanya yule wa Kakamega. Mirija ningeiwekea mwamba, isipokuwa mmoja au miwili kwa jiwe ambalo mfano wake haupatikani popote roboti inapoweza kufika.

Yale ya salfa hayakukubali hata hilo. Yalikuwa madogo na mepesi kuvunjika, hayangestahimili kuchorongwa, na Curiosity ikatoboa jiwe kubwa lililokuwa jirani. Iliondoka bondeni humo bila kuuona mwamba yalikomeguka.